Kabla Ununue Kompyuta Mpya, Fungua Hiyo Uko Nayo



Mwaka jana kompyuta yangu ya mezani, ile ya mitumba ninayohariria video, ilianza kunisumbua. Nikifungua Chrome pamoja na programu ya kuhariri, inaganda mpaka chai inapoa. Fundi mmoja mjini aliiangalia dakika mbili akaniambia, "Hii imezeeka, tafuta ingine." Nikapanda matatu kurudi Kisian nikipiga hesabu ya pesa sina.

Mama akasema atatoa pesa yake ya chama. Huyu ni mama ambaye majirani bado wanamuuliza kwa nini niliacha chuo. Aki nilishindwa kuichukua. Nikaamua nihakikishe kwanza.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nikaenda Performance, halafu Memory. RAM ni 4GB na imejaa asilimia 96. Chini yake imeandikwa kuna nafasi mbili za RAM, na moja haina kitu. Fundi hakuwa ameangalia hapo.

Chukulia RAM kama meza ya mama samaki, na diski kama friza yake. Meza ikiwa ndogo, kila saa anarudisha samaki kwa friza ndio atoe wengine. Wateja wanangoja. Hahitaji kibanda kipya, anahitaji meza kubwa.

Nilinunua kipande cha 8GB kilichotumika. Bei haikufika hata robo ya kompyuta nyingine. Nilizima mashine, nikachomoa waya wa stima, nikakisukuma mpaka vishikio vikalia "tak". Pesa ya mama ilibaki kwenye chama.

Sisemi RAM inatibu kila kitu. Kama mashine yako bado inatumia diski ya zamani ile ya kuzunguka, pengine SSD ndiyo itakusaidia zaidi. Na usinunue RAM kwa macho tu. DDR3 haiingii kwa nafasi ya DDR4. Ya laptop ni fupi, ya mezani ni ndefu. Kwa lebo, herufi U baada ya namba, kama PC4-2400T-U, ni ya kompyuta za kawaida za mezani. R ni ya seva na baadhi ya workstation, kwako haitawaka.

Sasa hivi hili ni muhimu zaidi. Viwanda vinapeleka chipu kwa seva za akili unde, na bei ya RAM imepanda dunia nzima. Desemba 2025 Micron ilitangaza inaacha kuuzia watu wa kawaida RAM za Crucial. Kipande kilicholala kwa mashine mbovu ya mjomba wako si takataka tena.

Msimamo wangu ni huu: fundi akikuambia ununue mashine mpya, mwambie akuonyeshe kwanza RAM ni ngapi na nafasi ngapi ziko wazi. Akikataa, beba mashine yako uende. Na kama ni mzazi wako anataka kukopa ndio akununulie kompyuta, bonyeza hizo batani tatu leo usiku kabla hajaenda kukopa.