Ufa Hauponi kwa Kuzibwa



Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika katika mkoa wetu wa Kagera. Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9, ambalo kitovu chake kilikuwa karibu na Nsunga wilayani Missenyi, liliua watu wapatao 17, likajeruhi mamia na kubomoa nyumba nyingi. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu majengo yake hayakuwa salama tena. Lakini tutafakari saa yenyewe. Saa 18 baadaye ingekuwa saa tatu na nusu asubuhi ya Dominika, makanisa yakiwa yamejaa.

Tangu siku ile, nyufa katika majengo yetu, kuanzia Bukoba hadi Muleba, mara nyingi zimeshughulikiwa kwa njia moja: fundi huitwa, ufa hujazwa saruji, ukuta hupakwa rangi, na harambee inayofuata huwa ya vigae au ya mnara. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli; lakini sisi tumeridhika na kuziba, wala hatuuulizi ufa umetoka wapi. Maoni yetu ni kwamba utaratibu huu ugeuzwe: hesabu itangulie, uimarishaji ufuate, na urembo uje mwisho.

Ukuta wa tofali za kuchoma au wa mawe, usio na nondo ndani yake, hubeba vizuri mzigo unaoushindilia kutoka juu. Udhaifu wake huonekana unaposukumwa kwa ubavu au kuvutwa. Ardhi inapotikisika, kila ukuta huyumba peke yake: pembe huachana, sehemu ya juu ya ukuta wa mbele huangukia nje, na kati ya madirisha hutokea nyufa za mshazari zinazokatana kama herufi X. Tofali zikiwa zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji, mambo huharibika upesi zaidi. Nyumba ya msonge ya mababu zetu Wahaya, iliyosukwa kwa miti, matete na nyasi, ilikuwa nyepesi na iliweza kupinda. Tofali ni zito, tena halipindi.

Je, mtu awezaje kujua ukuta utafanya nini kabla haujaanguka? Swali hili Kanisa lililikabili zamani. Kuba la Basilika ya Mtakatifu Petro mjini Roma lilipopata nyufa, Papa Benedikto wa 14 hakuagiza zipakwe chokaa tu. Mwaka 1742 wanahisabati watatu, Boscovich, Le Seur na Jacquier, wote watawa, walilichunguza. Baadaye Giovanni Poleni wa Padova alining'iniza mnyororo wenye vipande vya uzito vilivyolingana na sehemu za kuba, kisha akaligeuza umbo lake juu chini katika mchoro. Aliona kwamba njia ya mzigo imebaki ndani ya unene wa mawe: umbo ni salama. Hata hivyo alikubali kuba lifungwe mikanda mipya ya chuma, na ikafungwa. Sala za Roma hazikupungua kwa sababu ya hesabu ile.

Leo kazi ya mnyororo ule hufanywa na kompyuta. Kuna njia ya kuugawa ukuta mzima katika vipande vidogo vingi na kukokotoa jinsi kila kimoja kinavyobanwa au kuvutwa. Kuna pia njia iliyoanzishwa na Peter Cundall mwaka 1971, ambapo kila jiwe au tofali huhesabiwa kama kitu kinachojitegemea, kinachogusana na jirani zake, kinachoteleza na hata kuachana nao. Mhandisi huutikisa ukuta huo ndani ya kompyuta na kutazama ni wapi unaanza kufunguka, kisha huufunga lenta na kuutikisa tena. Ukuta huanguka mara mia, na hakuna anayezikwa.

Hata hivyo kompyuta haina unabii. Ikipewa nguvu ya tofali la kiwandani, itatoa jibu la kiwandani, ilhali tofali letu limechomwa katika tanuri la kijijini, upande mmoja likaiva na mwingine likabaki bichi. Kwa hiyo tofali zetu wenyewe sharti zipimwe kwanza maabara.

Wapo watakaosema kwamba kigango hakina fedha za mhandisi. Ni kweli. Lakini makanisa mengi ya vigango vyetu yanafanana: ukumbi mrefu, kuta ndefu zisizo na ukuta wa kukatiza katikati, paa la bati. Parokia kadhaa zikichangia kielelezo kimoja cha kanisa la namna hiyo, jibu lake litakuwa mwanga kwa mengi, mradi tofauti za kila jengo zizingatiwe. Wengine watasema kwamba Mungu atailinda nyumba yake. Tunaamini hivyo, lakini busara nayo ni fadhila, na Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kupiga hesabu.

Basi tunaziomba kamati za ujenzi, kabla ya mchango wowote wa vigae, ziulize maswali matatu: Je, lenta inazunguka kuta zote bila kukatika? Je, kenchi zimefungwa barabara kwenye kuta? Je, ukuta wa mbele umeshikwa na nini? Palipo na kimya, mchango uanzie hapo. Watoto wetu huketi chini ya kuta hizo kila Dominika.