Siku 213 mfululizo za uongo: rudini kwenye daftari

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani, dala kama tusemavyo huku, na umeme wa huku ukiamua kwenda unakwenda kweli. Niliwaahidi makala kuhusu kuhamisha hifadhidata bila kuzima seva. Itakuja. Leo nina jambo linaloniwasha, na najua wengine mtanuna.

Jambo lenyewe ni hizi programu za simu zinazohesabu ibada zetu. Zile zinazokuambia umeomba siku 40 mfululizo, hongera, pokea picha ya mwali wa moto. Nasema hazifai kwa kazi hiyo, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliozitengeneza. Anayetaka kupanga na kufuatilia maisha yake ya kiroho anunue daftari na kalamu. Msikimbie, nitaeleza.

Nianze kwa kuungama. Miaka michache iliyopita, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi Nairobi ilitengeneza programu ya ibada ya kila siku. Kipande cha kuhesabu mfululizo wa siku nilikiandika mimi. Ni kazi nyepesi. Unahifadhi tarehe ya mwisho ambayo mtu alibonyeza "Nimeomba", unailinganisha na ya leo. Tofauti ikiwa siku moja unaongeza moja, ikizidi unarudi sifuri. Mistari 20 hivi ya msimbo. Tulishangilia sana kwa sababu watu walirudi kila siku. Hakuna aliyeuliza walikuwa wanarudi kwa nani.

Nikaitumia mwenyewe. Nilipofika siku ya 213, mdogo wangu alilazwa hospitalini Kisumu. Usiku huo nilikuwa kwenye basi kutoka Nairobi, nimechanganyikiwa, sina hata neno moja la kumwambia Mungu. Saa 5:56 usiku simu ikalia: usiuache moto wako uzimike! Nikabonyeza "Nimeomba". Sikuwa nimeomba. Nilibonyeza kwa sababu sikutaka namba irudi sifuri. Kesho yake nikabonyeza tena, na kesho kutwa, na siku iliyofuata. Siku ya nne mdogo wangu akafariki. Simu ikanipa hongera.

Tulimzika hapa Kombewa. Mwaka mmoja baadaye nilirudi kwa ibada ya kumkumbuka, na usiku swali moja likaninyima usingizi: zile siku nne, je, nilimwombea? Nikafungua historia ndani ya programu. Alama nne za kijani. Ya kwanza najua ni ya uongo. Zile tatu nyingine sijui mpaka leo. Msimbo niliuandika mwenyewe, na hifadhidata yake naijua jedwali kwa jedwali, lakini siwezi kupata jibu la swali pekee lenye maana kwangu. Jibu halimo, kwa sababu hatukuliwekea nafasi.

Asubuhi nikamweleza Mama. Mama yangu, ambaye majirani humwita Nyar Alego, ana daftari la shule la kurasa 96 ambalo hukaa pamoja na kitabu cha chama. Miaka yote nilidhani ni hesabu za chama. "Kaa chini, baba," akaniambia, akalifungua. Kila asubuhi huandika kwa Dholuo anamwombea nani na kwa nini. Jioni huongeza maneno machache. Akanitafutia wiki ile. Siku ya kwanza: jina la mdogo wangu, nimeomba, nimelia. Ya pili: nimeomba kidogo, usingizi. Ya tatu: hospitalini, sikupata nafasi. Ya nne: sikuomba, nimemkasirikia Mungu. Halafu kwa wiki mbili ni tarehe tu. Tarehe, na nafasi tupu mbele yake. Kisha mstari mmoja: leo nimeanza tena, nimeshukuru kwa maji tu.

Nikamuuliza, "Mama, hukuona aibu kuandika hivyo?"

"Sasa baba, ningemdanganya nani? Yeye mwenyewe alikuwepo."

Hapo ndipo hoja yangu ilipozaliwa, kwa hiyo mkiipinga mjue mnabishana na Nyar Alego.

Sisi watengenezaji wa programu tunajua vizuri kazi ya kumbukumbu za seva. Seva ikianguka saa nane usiku, unakwenda kusoma makosa. Seva inayoandika "sawa, sawa, sawa" na kunyamaza inapokosea ni mzigo, na aliyeiandika hivyo angefokewa mbele ya wenzake. Mbona basi roho zetu tumeziwekea kumbukumbu zinazoandika "sawa" peke yake? Mficha maradhi kifo humuumbua, na programu hizi zimegeuza kuficha maradhi kuwa mchezo wenye zawadi.

Mtu wa Kombewa hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Hapa hapa kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Walter Reed. Kuanzia 2009 hadi 2014 kilikuwa kimojawapo cha vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000. Mtoto aliyechanjwa akaugua hata hivyo, aliandikwa. Jaribio zima lilisimama juu ya kuandika kushindwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, ilijulikana wazi kwamba si kinga kamili: kwa watoto waliopata dozi 4 ilizuia takriban visa 4 katika kila 10. Ni namba isiyopendeza kwenye bango, lakini ni ya kweli, na juu yake watoto wanakingwa. Fikiria wangeandika watoto wazima tu!

Tena si jambo jipya. Ignatius wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, anaelekeza mtu achague kosa moja analotaka kulishinda, achore mistari ya siku saba za juma, na kuweka nukta kila anapoanguka. Kisha alinganishe mchana na jioni, siku na siku, juma na juma. Benjamin Franklin wa Marekani naye alikuwa na kijitabu cha maadili 13: safu za siku saba, na alama nyeusi kila alipokosea. Mnaona? Wote wawili walihesabu kuanguka. Ukurasa msafi ulikuwa wa kutafutwa, haukuwa wa kuchezewa. Programu zetu zimegeuza kitu hicho chini juu.

Franklin alifanya kosa moja, na ni kosa ambalo kila mtumiaji wa Git atalitambua. Alifuta alama za zamani ili apate nafasi ya mpya, mpaka karatasi ikatoboka. Akahamia kwenye kurasa za pembe za ndovu, ambazo alama zake zilifutika kwa sponji iliyoloweshwa. Yaani alijitengenezea njia rahisi ya kufuta historia! Usifute. Mama hafuti.

Mwenzangu mmoja wa kazi, mtoto wa Mombasa, alinikumbusha kwamba Waislamu wana neno kamili la jambo hili: muhasaba, kujihesabu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamwangalia, jioni mnakaa kufanya hesabu ya faida na hasara. Hiyo ni shajara ya kiroho kwa sentensi moja: mpango wa asubuhi na hesabu ya jioni. Tena hesabu za duka hazifanywi kwa picha za moto. Zinafanywa na mtu anayetaka kujua pesa zimekwenda wapi.

Sasa niwajibu wapinzani, maana nawasikia.

Wa kwanza ni watu wa kanisa. Mchungaji mmoja aliniambia Roho hafuati ratiba, na kuandika maombi ni kumfanya Mungu karani. Namheshimu, lakini hapana. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyepeleka Injili Mboga, upande wa Kongo, kuanzia 1896 na akatumika mpaka alipofariki mwaka 1933, aliacha shajara alizoandika kwa mkono wake. Sidhani kuna atakayesema Apolo alikosa Roho. Ila mchungaji ana nusu ya haki, na nusu hiyo nampa. John Wesley alianza shajara mwaka 1725 akiwa Oxford, baadaye akafikia kujipima saa kwa saa jinsi moyo wake ulivyokuwa katika ibada, na bado hakupata amani mpaka mwaka 1738. Hesabu haikumpa amani. Lakini hakulitupa daftari baada ya hapo; alikuwa bado anaandika uzeeni. Daftari haliokoi mtu. Linamzuia tu kujidanganya.

Wa pili ni nyinyi wenzangu wa msimbo. Mnasema: karatasi huliwa na panya, haina nakala ya akiba, haitafutiki. Kweli kabisa. Daftari moja la Mama liliisha kwa mchwa. Lakini jiulizeni nakala za akiba za ibada zenu ziko kwa nani. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaiweka imani ya mtu katika kundi la data nyeti, pamoja na afya yake. Na Novemba 2020 Motherboard waliripoti kwamba data ya mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla yenye mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikifika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walikuwa na uhusiano na jeshi la Marekani. Muslim Pro wakatangaza kukata uhusiano huo. Vizuri. Lakini Yesu, katika Mathayo sura ya 6, alisema chumba na mlango uliofungwa. Mchwa ni wezi, ndiyo, ila hawauzi.

Wa tatu ndiye mjanja zaidi: "Basi tengeneza programu nzuri, yenye kitufe cha Sikuomba." Jamani, nilijaribu. Nilirudi kazini nikaleta pendekezo hilo mkutanoni. Swali la kwanza lilikuwa: nani atakibonyeza? La pili: na akikibonyeza, kesho atarudi? Hapo nikaelewa. Programu huishi kwa kurudi kwako, kwa hiyo lazima ikubembeleze. Daftari halikuhitaji. Ukiliacha wiki mbili litakaa kimya kikapuni, na ukilifungua halitakuambia umepoteza chochote. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Programu inayorudisha sifuri inamfundisha mtu kinyume chake: ukianguka siku moja, siku zote 213 ni bure. Nani atainuka na mafundisho kama hayo?

Haya, kwa wanaotaka kuanza, huu ndio utaratibu wangu wa sasa. Hauhitaji kuchajiwa.

1. Asubuhi andika tarehe na jambo moja tu, dogo, linaloweza kupimwa. "Kuwa mtu wa maombi" halipimiki. "Kumwombea fulani kabla ya kushika simu" linapimika.
2. Jioni andika kama umefanya au hukufanya, na sababu kwa maneno yasiyozidi kumi.
3. Usijaze siku za nyuma. Siku iliyopita bila kuandikwa iandikie tarehe na uiache tupu. Utupu nao ni taarifa.
4. Usifute, usichane ukurasa, usijipe maksi.
5. Jumapili jioni (au siku yako) soma juma zima mara moja. Tafuta sababu inayojirudia, na wiki ijayo panga kwa kuifuata hiyo.

Mimi nina miezi saba sasa. Nimehesabu siku tupu na ni nyingi kuliko nilivyodhani, karibu theluthi. Sababu inayojirudia ni simu. Kwenye programu ile ningekuwa nimekamilisha siku zote na moto wangu unawaka.

Swali langu la zile siku nne halitapata jibu, hilo nimelikubali. Lakini juzi Mama alikuwa na homa, nikakaa naye usiku. Nilipofungua daftari asubuhi nikaandika: nimeomba mara moja, kwa hofu, sikumaliza. Hata ikiwa nitaulizwa mwaka ujao, nitajua.

Makala ya hifadhidata inakuja wiki ijayo, umeme ukikubali. Wenye hasira waniandikie. Wenye programu za ibada waniambie kitufe cha "Sikuomba" kiko wapi.