Vidonge vya Damu Havitoshi Bila Maelezo
Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo huchangia, lakini sababu mojawapo kubwa ni upungufu wa madini ya chuma. Ndiyo maana mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu.

Je, anavimeza? Wako wengi wanaoviacha baada ya siku chache. Tumbo huchafuka, choo huwa cheusi, na mama huingiwa na hofu kuwa dawa inamdhuru. Kumbe weusi huo ni wa chuma kisichotumiwa na mwili, na kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa pamoja na chakula. Wengine huvimeza kwa chai, ambayo huzuia chuma kuingia mwilini, ilhali maji na chungwa moja vingesaidia.

Kuyaeleza hayo ni kazi ya dakika mbili. Muuguzi ayaseme anapokabidhi vidonge, hata foleni ikiwa ndefu, na mume akiwapo ayasikie. Mama anaporudi mwezi unaofuata, aulizwe vimebaki vingapi, tena bila kukaripiwa, maana anayeogopa kukaripiwa atajibu kwamba amevimaliza.