Sare Ibaki, Mtoto Asirudishwe Nyumbani

Ukikutana na mtoto wa kike wa shule ya msingi pale Kilosa, tazama pindo la sketi yake. Mama anayejua kubana matumizi humwomba fundi cherehani aache pindo pana, ili mtoto akirefuka mwakani lishushwe. Kila linaposhushwa hubaki mstari wa bluu iliyokoza, na juu yake bluu iliyopauka kwa jua na sabuni. Mara nyingi sketi hiyo ni moja tu, na shati jeupe nalo ni moja. Hufuliwa jioni, na masika yakiwa yamekolea huanikwa jikoni karibu na mafiga. Alfajiri mtoto huvaa nguo ambazo bado zina unyevu na harufu ya moshi, anakanyaga matope hadi shuleni, anasimama mstarini. Mwalimu wa zamu anapita akikagua kucha, meno, nywele na kola.

Tumdai nini mtoto huyu, katika mavazi na katika tabia? Na pale anapopungukiwa, nani awajibike?

Niseme mapema kwamba mimi naitetea sare, na sababu zangu nazipata hapahapa wilayani. Kilosa ni wilaya ya mchanganyiko. Wapo Wakaguru na Wasagara, wapo Wavidunda upande wa kusini, wapo wajukuu wa watu walioletwa na reli ya kati na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na wapo Wamasai na Wabarbaig na mifugo yao. Mchanganyiko huo umewahi kutugharimu damu. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kwa wilaya yenye kumbukumbu ya namna hiyo, mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji kukaa dawati moja wakiwa na shati la rangi moja si jambo dogo. Kwa saa chache kila siku, nguo haisemi huyu ni wa nani wala kwao wana nini.

Mji wa Mikumi, humuhumu wilayani, nao una sababu yake. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kisha inapita katikati ya mji. Malori hulala pale, mabasi husimama watu wale, na barabara ya Kidatu na Ifakara inachepuka palepale. Katika mji wa wapita njia, dereva huliona shati jeupe kutoka mbali. Na mama lishe anayemwona mtoto mwenye sare akizurura kwenye maegesho ya malori saa nne asubuhi anapata haki ya kumuuliza, "Mwanangu, mbona hupo shule?" Sare inamkabidhi mtoto kwa mji mzima.

Basi sare ina kazi, na shida yetu ni namna tunavyoidai. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 wazazi wengi wakashusha pumzi. Mwaka huohuo wa 2016 Waraka Namba 3 ukafafanua majukumu, na kwa mzazi ukaacha sare, madaftari, kalamu na chakula. Ada ikafutwa, duka la sare likabaki. Kwa kaya ya mkulima, bili hiyo inafika wakati mbaya kuliko wote. Shule hufunguliwa Januari, chakula ghalani kikiwa kinaelekea kuisha na fedha iliyokuwepo ikiwa imeingia shambani, kwenye mbegu na vibarua. Wakati mwingine hata kile kidogo huchukuliwa na maji. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi. Mtu aliyepoteza nyumba hana shati la akiba.

Majirani zetu wamewahi kulipima jambo hili. Magharibi mwa Kenya watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa shule za msingi ambao baadhi yao walipewa sare bure kwa bahati nasibu. Utoro wa waliopewa ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Ila watoto hao walipofuatiliwa tena baada ya miaka 8, waliopewa hawakuonekana kufika mbali zaidi kimasomo kuliko wenzao. Mimi najifunza mawili. Sare peke yake haimfikishi mtoto darasa la saba. Kuikosa, hata hivyo, kunaweza kumweka nje ya darasa leo, na hesabu za leo hazimsubiri.

Ndiyo maana naona kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya sare ni kosa. Anatumwa akalete viatu vyeusi, anafika nyumbani mama yuko shambani na viatu havipo. Anakaa siku mbili tatu, kisha anaona aibu kurudi. Deni ni la mzazi, anayelilipa ni mtoto. Kila Januari husikika viongozi wakiagiza watoto wapokelewe hata kama hawana sare, na ni agizo jema. Linapaswa kuwa kawaida ya shule mwaka mzima, lisingoje tamko. Mtoto wa vijiji vya wafugaji vya Parakuyo au Twatwatwa akifika siku ya kwanza amejifunga shuka, aandikwe jina na apewe pa kukaa. Sare itamfuata.

Nawasikia walimu wakiniuliza: ukilegeza kwa mmoja, kesho si darasa zima litakuja na kandambili? Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati. Jibu langu ni kwamba tutenganishe yaliyo mikononi mwa mtoto na yaliyo mfukoni mwa mzazi. Kunawa uso, kukata kucha, kuwahi namba, kuwaamkia wakubwa, kusema kweli, kutochukua penseli ya mwenzako na kutomcheka mwenye kiraka, haya yapo mikononi mwa mtoto, awe wa tajiri au wa maskini. Tuyadai kila siku bila kulegea. Viatu, sweta na begi vipo mfukoni mwa mzazi, na anayepaswa kuitwa ofisini ni mzazi, aongee na mwalimu mkuu, wakubaliane muda. Watoto ni wepisi wa kutofautisha. Wanajua kabisa nani hana na nani amezembea.

Hapo ndipo linakuja suala la fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni. Zaidi ya hayo, adhabu hiyo imewekwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kola chafu si utovu mkubwa wa nidhamu, wala kuchelewa kwa sababu kijito kimejaa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi tumevibakiza, na Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa shuleni. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali haikusema mvunje.

Tabia, kwa kweli, mtoto huisoma kwetu kabla hajaisoma kitabuni. Sasa mtaala una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nami nalipokea kwa mikono miwili. Lakini mwalimu anayeingia darasani amechelewa akiongea na simu amefundisha somo jingine kabla hajashika chaki. Mzazi anayemtukana jirani mbele ya mtoto amefanya vilevile.

Yapo mambo ambayo kamati za shule za Kilosa na Mikumi zinaweza kuyafanya bila kusubiri Dodoma. Kila shule iwe na sanduku la sare. Wa darasa la saba wakimaliza mtihani Septemba waache sketi, kaptula na mashati yanayofaa, fundi ayarekebishe, na Januari mwalimu mkuu awape wasio nazo faraghani, pasipo kumwaibisha mtu. Mzazi awe huru kushonesha kwa fundi yeyote, mradi kitambaa na rangi ni vilevile, na asilazimishwe kwenda duka moja. Na sheria za shule ziwe chache, zijadiliwe na wazazi mkutanoni, zibandikwe ubaoni kwa Kiswahili ambacho hata mtoto wa darasa la tatu anakisoma.

Mwalimu mwenzangu wa malezi, maana sote tuliomzidi mtoto umri ni walezi wake, nina ombi moja. Kesho asubuhi ukipita mstarini ukakuta shati lenye unyevu na harufu ya moshi, ujue lilifuliwa usiku na mtu aliyekuheshimu wewe na shule yako. Mruhusu mtoto huyo aingie darasani.