Haki ya Maji Huhitaji Shahidi



Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono ambao, wakiisha kunywa maji safi, huyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na wanyonge hulazimika kunywa tope hilo. Onyo hilo linatuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Huko Chunya, katika machimbo ya Lupa, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, katika bonde ambalo mito yake hushuka kuelekea Ziwa Rukwa. Zebaki iliyomwagika haiozi. Hutua katika tope, huingia katika samaki, na hudhuru mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye bado tumboni. Katika mashamba ya nyanya ya Iringa nako, anayeosha bomba la kupulizia dawa kijitoni huwapelekea sumu wanaochota maji chini yake.

Hatuwahukumu wanaotafuta riziki. Lakini tunauliza: maji yakitiwa sumu, mnyonge ataipataje haki yake?

Tuwatazame jirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya Tunduma. Mwezi Novemba 2006, maji machafu ya mgodi wa shaba wa kampuni ya Konkola Copper Mines yaliingia katika mto Kafue, ambao watu wa Chingola waliutegemea kwa maji ya kunywa. Watu wapatao 2,000 walikwenda mahakamani, na mwaka 2011 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Kampuni ilikata rufaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kampuni ilikuwa na hatia, lakini ikaamua kuwa fidia wapewe watu 12 tu, yaani wale waliokuwa na taarifa za daktari. Wengine wote waliondoka mikono mitupu. Wote walikuwa wamedai madhara ya maji yale. Kilichowatenganisha kilikuwa karatasi.

Wanakijiji wengine 1,826 wa eneo hilohilo walifungua shauri Uingereza dhidi ya Vedanta, kampuni mama. Tarehe 10 Aprili 2019, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba wangeweza kusikilizwa huko. Januari 2021 pande mbili zilipatana, bila kampuni kukiri kosa, na kiasi cha fedha hakikutangazwa.

Mapatano si jambo baya. Bwana mwenyewe anatushauri kupatana na mshitaki tungali njiani naye (Mt 5:25). Lakini fidia haisafishi mto. Fedha zikiisha kuliwa, mtoto wa mdai atachota maji palepale. Kwa hiyo tunasema wazi: mapatano yasiyotaja usafishaji wa maji ni nusu ya haki.

Nasi hatuko bila silaha. Katika shauri la mwaka 1991 la Festo Balegele na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kuhusu taka zilizotupwa Kunduchi Mtongani, Mahakama Kuu ilitambua kwamba uchafuzi ule uligusa haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humpa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na pia haki ya kushitaki pale hatari inapoonekana. Si lazima tungoje mazishi.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogo ndogo na halmashauri za walei mambo manne. Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari la maji: tarehe, mahali, rangi na harufu ya maji, samaki au mifugo waliokufa. Pili, anayeugua aende zahanati na aitunze karatasi yake. Tatu, taarifa ipelekwe kwa maandishi, na nakala itunzwe, katika serikali ya kijiji na bodi ya maji ya bonde: Bonde la Rufiji lina ofisi Iringa, na Bonde la Ziwa Rukwa lina ofisi Mbeya. Vipimo viombwe maabara. Nne, mtu asitie sahihi hati ya fidia peke yake gizani. Aionyeshe kwanza kwa msaidizi wa kisheria au kwa Tume ya parokia.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya binadamu. Haki hiyo haitetewi kwa sala tupu wala kwa hasira tupu. Watu 12 wa Chingola wametuonyesha thamani ya karatasi moja iliyotunzwa. Tusali, na tuandike.