Simba wa Filamu na Simba wa Ugalla

Kijana wa Kaliua, ambaye kusini kwake kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, anafaa kuliko wengi kuikosoa nembo ya kampuni ya filamu ya Metro-Goldwyn-Mayer. Simba wa kwao ni wa kweli.

Simba wa kwanza wa nembo hiyo, mwaka 1924, hakusikika kamwe, kwa kuwa filamu zilikuwa bado bubu. Mwaka 1928 ngurumo ililetwa kwa santuri iliyopigwa sambamba na picha. Mwaka 1957 alikuja Leo, anayejulikana zaidi. Katika miaka ya 1980 fundi wa sauti Mark Mangini aliiunda upya ngurumo yake kwa kutumia sauti za chui-milia, mnyama wa Asia, kwani ya simba haikuwa kali kiasi alichotaka! Mwaka 2021 simba mwenyewe akaundwa kwa kompyuta.

Hivyo kadiri ufundi ulivyopanda, ndivyo simba alivyotoweka. Mafundi siwalaumu, nembo ni biashara. Nawalaumu walimu, nami nikiwamo, tunaoonyesha filamu darasani bila kuuliza picha na sauti zake zimepatikanaje. Ngurumo halisi ni nzito, hurudiwa-rudiwa, na usiku mtulivu huweza kusikika umbali wa kilomita 8.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwaambia wenzangu kwamba sauti ile si ya simba. Hawakunisadiki, wao walikuwa wameisikia sinema tangu utotoni.