Koki ya Kihisi Isikose Mpini

Koki inayofunguka kwa kihisi huonekana kuwa kinga kamili: mkono uliokwisha nawa haurudi kugusa chuma kilichochafuliwa. Hata hivyo, mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walitangaza kwamba nusu ya sampuli za maji ya koki hizo zilikuwa na bakteria wa Legionella, wasababishao nimonia kali. Kwa koki za mkono ilikuwa asilimia 15. Walizishuku vali zake, zenye vipande vingi ambamo vijidudu hujishikiza. Hospitali ikaziondoa wodini.

Kwa hiyo, penye wagonjwa waliopungukiwa na kinga ya mwili, nashauri tubaki na koki ya kiwiko. Kwingineko, kama vile kliniki na vyooni, zinunuliwe zenye kihisi na mpini pamoja. Nimewahi kusimama mbele ya koki isiyo na mpini, betri imekufa, mikono ina povu, nikaishia kumiminiwa maji kwa jagi. Mpini hauui bakteria, lakini huokoa zamu ya usiku. Na chumba kikifungwa wiki mbili, awepo mtu aliyeagizwa kuyatiririsha maji yaliyotuama kabla mgonjwa hajaingia.